Sanduku la Barua: Birika lililo chini ya nyumba ya tajiri wa sukari

Mwezi huu barua nyingi zilizotufikia zimetoka Bagamoyo, na karibu zote zina chimbuko moja, nalo ni picha ya nyumba ya mawe ya Uingereza iliyopita kwenye simu za watu wa Dunda na Magomeni hadi ikazua ubishi barazani. Baadhi ya wasomaji wanauliza habari za nyumba hiyo yenyewe, na wengine imewakumbusha nyumba zao. Nimechagua barua nne na nusu, kwa kuwa ile ya mwisho ni mstari mmoja tu.

SWALI

Mhariri, assalam aleikum. Binti yangu anasoma Bristol, Uingereza, naye amenitumia picha ya nyumba waliyoitembelea na wenzake. Anasema ni nyumba ya Kijojia, na mimi nikadhani imejengwa na watu wa nchi ya Jojia. Mlango wake ni mtupu, hauna nakshi wala misumari ya shaba, ukuta ni jiwe tu, na madirisha yamepangwa mstari kama meno. Sisi tuliokulia mbele ya milango ya Mtaa wa India tunashindwa kuelewa watu wanaendea nini huko. Tafadhali nieleweshe, maana mtoto ameipenda mno na mimi sitaki kuonekana sijui kitu.

Mama wa mwanafunzi, Dunda, Bagamoyo

JIBU

Waaleikum salaam, mama. Usijilaumu, jina lenyewe ndilo linalopotosha. Nchi ya Jojia haihusiki. Uingereza ilitawaliwa na wafalme wanne waliofuatana, wote wakiitwa George, kuanzia mwaka 1714 hadi 1830, na majengo ya kipindi hicho yamebebeshwa jina lao, kama nasi tunavyosema nyumba ya enzi ya Seyyid Barghash au jengo la Mjerumani.

Kwa maelezo uliyonipa, naamini binti yako aliingia nyumba namba 7 ya Great George Street, ambayo siku hizi ni makumbusho ya jiji la Bristol. Ilijengwa karibu na mwaka 1790 kwa ajili ya John Pinney, mfanyabiashara wa sukari aliyekuwa na shamba la miwa katika kisiwa cha Nevis huko Karibi, na mchoraji wa ramani yake alikuwa William Paty, wa ukoo wa wajenzi ambao mkono wao unaonekana sehemu nyingi za Bristol ya miaka hiyo.

Kuhusu utupu wa uso wake, hapo ndipo penye siri. Fundi wa pwani yetu hukusanya fahari yote ya nyumba mlangoni, akauacha ukuta mweupe kimya kabisa, ili mgeni ajue ukoo na uwezo wa mwenyeji kabla hajabisha hodi. Fundi wa enzi ya wafalme George aliitafuta fahari katika vipimo. Alijifunza kutoka kwa Andrea Palladio, mjenzi wa Italia wa karne ya 16, ambaye naye alikuwa amekaa akipima magofu ya Warumi kwa kamba na fito. Katika mafundisho hayo uso wa nyumba hugawanywa kama nguzo: kitako, mwili na kichwa. Ghorofa ya kuingilia ndiyo kitako, kwa hiyo huonekana nzito. Ghorofa inayofuata ndiyo yenye heshima, ndiko wageni wanakopandishwa, na madirisha yake ni marefu kuliko yote. Ukizidi kupanda madirisha hupungua urefu huku upana wake ukibaki uleule, hadi yale ya juu kabisa yanakaribia kuwa ya mraba. Ichukue tena ile picha, mama, uzibe kwa kidole dirisha moja lolote la katikati, utaona uso mzima umepinda. Mtu aliyezoea nakshi huona hakuna kitu pale, ilhali kila inchi ilipigiwa hesabu.

Kulikuwa pia na sababu isiyo ya uzuri, nayo ni moto. Mwaka 1666 jiji la London liliungua kwa siku kadhaa kwa kuwa nyumba zake zilikuwa za mbao na zimebanana, na sheria iliyofuata ikaagiza kuta za nje ziwe za tofali au jiwe. Sheria ya mwaka 1709 ikataka fremu za madirisha zirudishwe ndani kiasi cha inchi 4 kutoka usoni mwa ukuta ili mwali usirukie mbao kwa urahisi, na ile ya mwaka 1774 ikagawa nyumba katika madaraja manne kwa ukubwa na thamani, ikapangia kila daraja unene wa kuta zake, kisha ikaamuru visanduku vya mbao vya pembeni mwa madirisha vifichwe nyuma ya ukuta kabisa. Hizo zilikuwa sheria za London, si za Bristol, lakini mtindo husafiri. Miji mingine iliuiga kama vijana wetu wanavyoiga mshono wa Dar es Salaam. Kwa hiyo kivuli kile kizuri kinachoonekana kuzunguka kila dirisha kilianza kama kinga ya moto.

Na usidhani kila uso mzuri wa enzi hiyo una mgongo mzuri. Mji wa Bath, ambao hauko mbali na Bristol, una safu ya nyumba 30 zilizounganishwa kwa umbo la hilali, inaitwa Royal Crescent, iliyojengwa na John Wood Mdogo kati ya mwaka 1767 na 1774. Mbele ni nguzo zinazofanana kutoka mwanzo hadi mwisho, utadhani ni kasri moja. Ukizunguka nyuma unakuta kila nyumba na lake: paa hili limepanda, lile limeshuka, madirisha hayalingani. Sababu ni kwamba mnunuzi alinunua kipande cha uso, kisha akatafuta mafundi wake wamjengee nyuma yake nyumba aitakayo. Mimi huipenda zaidi nyuma kuliko mbele, kwa sababu ndiko wenyewe walikopatana na mafundi wao.

Turudi Great George Street. Ukiingia unakuta vyumba vya kupokelea wageni, chumba cha kulia, chumba cha kazi alimofanyia Pinney hesabu za mashamba na meli. Wageni wengi huishia kustaajabia samani. Nakuomba umuulize binti yako kama alishuka chini, kwa maana nyumba hii husomeka vizuri zaidi kuanzia chini kwenda juu. Huko chini kuna jiko, kuna chumba cha kufulia, na kuna birika la mawe la maji baridi, kubwa kiasi cha mtu mzima kuzama hadi shingoni, ambamo bwana mwenye nyumba alikuwa akijitumbukiza kwa imani kwamba maji baridi yanajenga afya. Sisi watu wa pwani birika tunalijua, liko kwenye misikiti ya kale na kwenye nyumba kubwa za mawe, nalo ni la tohara. Hilo la Pinney lilikuwa la kupigia mwili msasa.

Basi fikiri ni nani aliyekuwa akiwasha moto wa jiko lile, akipandisha maji ya moto ghorofani na kuteremsha machafu. Miongoni mwa waliokuja na familia ya Pinney kutoka Nevis mwaka 1783 alikuwamo mtu aliyeitwa Pero. Pinney alimnunua mwaka 1765, akiwa mtoto wa miaka 12, pamoja na dada zake wawili. Alifundishwa ukinyozi, akawa mtumishi wa karibu wa bwana wake kwa zaidi ya miaka 30, na akafa mwaka 1798 bila kuachwa huru. Alikuwamo pia Fanny Coker, mshonaji na mtumishi wa mke wa Pinney, ambaye yeye aliachwa huru mwaka 1778 na akaendelea kuitumikia familia ileile hadi kufa kwake. Hao wawili walipita kwenye ngazi zilezile, mmoja huru na mwingine mtumwa, wala uso wa nyumba hauonyeshi tofauti. Kumbuka pia kwamba mwaka 1772 jaji mkuu Lord Mansfield alikuwa ameshaamua kwamba mtumwa hawezi kutolewa Uingereza kwa nguvu. Uamuzi ulikuwapo, Pero naye alikuwa mjini, na bado alibaki alivyokuwa. Mwaka 1999 jiji la Bristol lilifungua daraja la waendao kwa miguu bandarini na kulipa jina la Pero. Mwambie binti yako akalivuke.

Sisi hatuna haki ya kuinyooshea kidole nyumba ile na kuiacha mitaa yetu. Nyumba za mawe za Mtaa wa India zilisimama wakati misafara ikiteremsha pembe za ndovu zilizobebwa mabegani kutoka bara, na watumwa wakiwa miongoni mwa walioteremshwa. Yupo mfanyabiashara kama Sewa Haji, aliyekuwa akiipatia misafara bidhaa na wapagazi, na ambaye baadaye alitoa mali yake kwa ajili ya shule na hospitali. Sukari ya Nevis na pembe za Bagamoyo zilijenga kuta zinazokaribiana umri kuliko tunavyodhani.

SWALI

Shikamoo mhariri. Mimi ni seremala, nimeiona picha hiyo kwa kijana wangu. Madirisha yale hayana bawaba. Yanafunguliwaje? Na kwa nini wameweka vioo vidogo vidogo badala ya kioo kimoja? Kazi ya kuunganisha vipau vile si mchezo.

Fundi wa Magomeni, Bagamoyo

JIBU

Marahaba, fundi. Umeuliza kitu ninachokipenda. Dirisha lile lina vipande viwili, cha juu na cha chini, vinavyopita kwenye mifereji pembeni, kimoja mbele ya kingine. Ukutani kila upande kuna kisanduku cha mbao kilichofichwa, na ndani yake unaning'inia mzani wa chuma au risasi. Kamba inatoka kwenye mzani, inapanda, inapita juu ya kapi dogo, kisha inashuka kufungwa ubavuni mwa kipande cha dirisha. Ni kapi kabisa, kama lile la kupandishia foromali ya jahazi, ila hili ni dogo la kuingia kiganjani. Kwa kuwa uzito wa mizani miwili unakaribia uzito wa kipande kimoja, mtoto anaweza kukiinua kwa vidole viwili na kikabaki pale alipokiachia.

Neno "unakaribia" nimeliweka makusudi. Fundi mjuzi hailinganishi mizani na dirisha sawasawa. Mizani ya kipande cha juu huifanya mizito kidogo kuliko kipande chenyewe, ili kikazwe juu kisishuke na kuacha ufa. Ya kipande cha chini huifanya miepesi kidogo, ili kitulie chini kwenye kizingiti. Siku kamba inapokatika, utausikia mzani ukianguka ndani ya ukuta kwa kishindo, na hapo unafungua kijilango kilichokatwa kwenye ubavu wa kisanduku, unautoa, unafunga kamba mpya. Hakuna haja ya kubomoa chochote. Aliyebuni kijilango kile alikuwa amewahi kuitwa usiku kutengeneza dirisha.

Kuhusu vioo, fundi wa zamani hakuwa na namna ya kupata kioo kikubwa kwa bei nafuu. Kioo cha dirisha kilipulizwa kama tufe, kikatobolewa, kikazungushwa kwa kasi hadi kikafunguka kuwa sahani pana, kisha sahani ikakatwa vipande, na kile cha katikati chenye kinundu kikauzwa rahisi au kikarudishwa tanuruni. Kutoka kwenye duara hupati vipande vikubwa vya mraba. Tena kuanzia miaka ya 1740 hadi 1845 serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya kioo kwa uzito, kwa hiyo kilifanywa chembamba. Ndiyo maana ukisimama mbele ya dirisha ambalo vioo vyake vya asili vimesalia, taswira ya nyumba ya pili hucheza kama inayoonekana majini. Kadiri miaka ilivyokwenda, vipau vilizidi kufanywa vyembamba, hadi mwisho wa enzi ile vikawa vya kutia hofu kuvigusa. Mbao zake zilikuwa za misonobari iliyoletwa kwa meli kutoka nchi za Baltiki, yenye nyuzi zilizobanana kwa kukulia kwenye baridi, na nyingi zimesimama miaka 200 ilhali dirisha tunalonunua leo dukani huanza kuvimba baada ya masika mawili.

Nyongeza kidogo, kwa sababu utakutana na wasimuliaji. Kuanzia mwaka 1696 hadi 1851 kulikuwa na kodi iliyotozwa kwa idadi ya madirisha, na watu wakaziba baadhi kwa tofali ili wapunguziwe. Hilo ni kweli. Lakini si kila dirisha lililozibwa ni la mkwepa kodi. Mengine yalijengwa yakiwa yamezibwa tangu siku ya kwanza kwa sababu nyuma yake lilipita dohani, na uso ulihitaji dirisha pale ili ulinganifu wake usiharibike.

SWALI

Mhariri, nasikia nyumba hizo za Uingereza "zimeorodheshwa" na mwenyewe haruhusiwi hata kubadili kitasa. Je, huo si unyang'anyi? Na kwetu hali ikoje?

Kijana wa Chumbageni, Tanga

JIBU

Kitasa umekitaja kwa mzaha, lakini hujaenda mbali na ukweli. Uingereza ilianza kuandikisha majengo yenye thamani ya historia au ya ujenzi baada ya Vita Kuu ya Pili, chini ya sheria ya mwaka 1947. Kuna madaraja matatu: la I kwa majengo ya kipekee kabisa, la II lenye nyota, na la II la kawaida, ambalo lina zaidi ya asilimia 90 ya majengo yote yaliyomo. Orodha ya Uingereza pekee, bila Scotland na Wales, ina karibu maandiko 400,000. Jengo lolote la kabla ya mwaka 1700 ambalo limebaki karibu na lilivyokuwa huandikishwa, na mengi ya kati ya 1700 na 1850 pia, kwa hiyo nyumba za enzi ya wafalme George zimejaa humo. Royal Crescent iko daraja la I, na ile ya Pinney iko daraja la II lenye nyota.

Watu hukosea wanapodhani kwamba kinacholindwa ni uso. Kinacholindwa ni jengo zima, ndani na nje, pamoja na vilivyofungwa humo: ngazi, meko, plasta ya dari, milango ya vyumbani. Mwenyewe hakatazwi kubadili. Anatakiwa aombe kibali kwanza, na akifanya bila kibali ametenda jinai. Akiuza nyumba, mnunuzi anaweza kuamriwa arudishe kile ambacho mtangulizi wake alikivunja, na ndiyo maana mnunuzi wa huko hukagua makaratasi kwa makini kama bibi anavyochambua mchele.

Kisa kinachochekesha ni cha nyumba namba 22 ya Royal Crescent. Katika miaka ya 1970 bibi mwenye nyumba aliupaka mlango wake rangi ya manjano, katika safu ambayo milango yake ilikuwa myeupe. Halmashauri ikamwandikia aurudishe mweupe, naye akakataa. Shauri likapanda hadi kwa waziri, na bibi akashinda. Sheria ni kali, lakini ina mahali pa kukatia rufaa.

Hapa kwetu tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Inalinda, pamoja na mengine, majengo yaliyojengwa na watu kabla ya mwaka 1863, na inampa waziri uwezo wa kutangaza majengo na maeneo mengine kuwa ya kuhifadhiwa. Kipengele hicho cha kutangaza ndicho chenye uzito kwa miji kama yako na Bagamoyo. Magofu ya Kaole yanaingia moja kwa moja kwa umri wake, lakini Boma la Bagamoyo ni la mwaka 1897, na nyumba nyingi za mawe unazoziona mjini ni za miongo ya mwisho ya karne ya 19. Tarehe peke yake isingeziokoa. Unyang'anyi siuoni. Ninachokiona ni mzigo ambao mwenyewe anabebeshwa: anaambiwa asiezeke kwa vitu hivi, asipige plasta kwa vitu vile, na fundi wa kazi ya zamani kumpata ni shida, tena ni ghali. Uingereza nako manung'uniko ni hayohayo.

SWALI

Bwana mhariri, nimerithi nyumba ya mawe hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Plasta ya chini inapukutika na kuna chumvi. Fundi ananishauri nikwangue yote nipige saruji nzito hadi kifuani, nimalize mambo. Bei yake ni nzuri. Nifanyeje?

Mrithi, Bagamoyo

JIBU

Ndugu yangu, mwambie fundi asubiri kwanza. Nilikuwa nimeketi juzi kwenye baraza ya nyumba moja ya jirani zako, iliyofanyiwa hivyohivyo miaka michache iliyopita. Saruji yenyewe ilikuwa nzima kabisa, ya kijivu, ngumu. Ila kiasi cha shubiri mbili juu ya pale ilipokomea, ukuta ulikuwa umetota, plasta ya zamani imevimba kama mkate, na nilipoigusa kwa ukucha ikamwagika unga mweupe hadi jiwe la matumbawe likachungulia. Maji hayakuondoka. Yalipanda ghorofa.

Mambo yenyewe yako hivi. Ukuta wako ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Jiwe hilo lina vinyweleo vingi, linafyonza maji kutoka ardhini, na ardhi ya ufukweni ina chumvi. Plasta ya chokaa huyaruhusu maji hayo kutoka nje yakakauka na upepo, na chumvi inabaki usoni, inaharibu plasta. Plasta ile iliwekwa ili iharibike badala ya jiwe. Wazee walikuwa wakipaka chokaa kila baada ya muda kwa sababu hiyo. Saruji inafunga njia. Maji yanatafuta pa kutokea juu zaidi, na chumvi inakauka ndani ya jiwe lenyewe na kulipasua. Ni balaa lilelile linalozipata nyumba za jiwe la Bath zilizozibwa viungo vyake kwa saruji katika karne ya 20: kiungo kinabaki kigumu, jiwe linalika kukizunguka. Huko mafundi wamerudi kwenye chokaa, na kazi kubwa waliyo nayo ni kukwangua kwa patasi kile walichokipiga baba zao.

Kwa hiyo anza na maji kabla ya ukuta. Tazama kama udongo wa barabarani umepanda juu kuliko sakafu yako, uuteremshe. Tazama mfereji wa paa unamwagia wapi. Kisha kwangua plasta iliyokufa, acha ukuta upumue kwa miezi ya kiangazi, upige brashi kavu kuondoa chumvi kila inapochomoza, usiioshe kwa maji. Ndipo upige plasta ya chokaa iliyolowekwa muda mrefu, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga. Mchanga uwe wa mtoni. Wa ufukweni unarudisha chumvi uliyoiondoa. Piga tabaka jembamba, ulifunike kwa magunia yenye unyevu, ulisubiri, kisha lingine. Chokaa haikauki kama saruji, inavuta hewa taratibu na kurudi kuwa jiwe, kwa hiyo anayekuahidi kumaliza kwa wiki moja hajui anachokifanya.

Boriti za dari nazo uzikague. Vyumba vyako ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti ya mkoko haivuki kwa kawaida zaidi ya mita 3, na hicho ndicho kipimo kilichoamua upana wa kila chumba katika pwani nzima, kama vile ubao wa msonobari wa Baltiki ulivyoamua upana wa vyumba vya Bristol. Boriti hufa kuanzia kichwani, pale inapoingia ukutani penye unyevu. Igonge kwa nyundo ndogo ukiielekeza sikio: nzima inalia, iliyooza inanyamaza. Na kabla ya yote hayo, pita ofisi ya Mambo ya Kale, kwa kuwa uko ndani ya eneo la hifadhi na ukarabati unahitaji idhini.

SWALI

Nimepata mteja wa mlango wangu wa nakshi, anatoka nje ya nchi, niuze?

Bila jina, Bagamoyo

JIBU

Ikiwa ulichongwa kabla ya mwaka 1940, sheria imeutaja: milango ya mbao na miimo yake iliyochongwa nchini kabla ya mwaka huo, kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki, ni vitu vinavyolindwa. Nenda Mambo ya Kale kabla hujapokea hata malipo ya awali, na umpeleke huyo mteja akaulize mwenyewe.